Nirudishiwe Lawama Yangu ya Jumamosi ya Mazishi

Ofisi ya Naibu Mkurugenzi (Utawala),
Shirika la Maji la Mankesua.
Jumanne asubuhi.

Kwako Nana Kuntu Essuman,
Chifu wetu na Mwenyekiti wa Bodi.

Nana,

YAH: KUNYANG'ANYWA LAWAMA ILIYO HAKI YANGU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote naulizia hali ya kiuno chako tangu ulipokalia vile viti vya plastiki kwenye mazishi ya mjomba wangu. Viti vile nilivikodi mimi, na kama utahitaji mtu wa kulaumu kwa kiuno hicho, naomba nafasi hiyo pia.

Nimesoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa chumba cha mikutano. Linasema kwamba kwa lile tukio la Jumamosi ya mazishi, wadukuzi walipoingia kwenye mtandao wetu, wakafunga kompyuta zote na kuzima pampu, mji ukakosa maji na wageni wa watu wamejaa, aliyeonekana kuwa na uzembe ni Bi Araba Quansah, mlinzi wa mtandao. Linasema pia kwamba Bodi itakaa keshokutwa Alhamisi kuthibitisha kufukuzwa kwake.

Nana, nimeumia. Nimelitumikia shirika hili tangu enzi za pampu za mkono. Nimefungua mikutano kwa sala, nimefunga mikutano kwa sala, na katikati nimesinzia kwa heshima zote. Miaka yote hiyo hakuna jambo kubwa lililowahi kutokea hapa. Sasa limetokea moja, kubwa, limetangazwa mpaka redio ya mkoa, na anapewa nani? Anapewa msichana aliyeajiriwa juzi, ambaye hata kiti chake hakina mikono! Gari jipya likija, mkubwa ndiye anayekaa mbele. Nyama ikiletwa, mkubwa ndiye anayechagua. Leo lawama imekuja, inanipita hivi hivi huku naiona, inakwenda kwa mdogo. Tangu lini?

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu na kwa namba, ili Bodi ijionee kwamba kazi hii niliifanya mimi, toka mwanzo hadi mwisho, bila msaada wa mtu.

1. Neno la siri lilikuwa langu, na aliyeligawa ni mimi.

Bi Araba alipoanza kazi alipita meza kwa meza akitutaka kila mmoja awe na neno la siri refu, lisilobunika, na jingine kwa kila kazi. Alipofika kwangu akaniita Egya, yaani baba, kama vijana wote wa hapa, akasema, "Egya Fiifi, haya maneno usimpe mtu. Hata mama nyumbani." Nikamcheka. Nikamwambia, "Mwanangu, yule mama anajua mpaka ninapoficha sukari. Neno ndilo litamshinda?" Tena maneno mengi kwa kichwa kimoja kizee niliona ni mateso. Nikachagua moja, likafanya kazi zote: barua pepe hilo, hesabu hilo, pampu hilo.

Sasa Nana, unajua tulivyolelewa. Unakula, mtu akitokea unamwambia karibu. Naye aliyelelewa anaijua zamu yake, anasema ahsante, mkono wangu umo, anapita zake. Tangu nizaliwe sijaona mtu wa Mankesua aliyevuta kigoda akamaliza fufu ya mwenzake kwa sababu tu kaambiwa karibu. Mimi nikadhani mtandao nao una adabu hiyo. Mgeni akiingia ofisini kwangu, akatoa simu, akaanza kuinyanyua huku na huku kutafuta intaneti, nikae kimya kama sikuzaliwa na watu? Namwambia, "Karibu mtandao wetu, jina langu na neno langu yako pale ukutani." Nilimwita fundi wa mabango akayaandika kwa rangi ya dhahabu, chini ya picha yangu. Nilitegemea mgeni aseme ahsante, mkono wangu umo, arudishe simu mfukoni.

Walikubali, Nana! Wote! Muuza mabomba alikubali. Mhubiri alikubali. Kijana mmoja aliyeingia kuulizia choo alikubali, akakaa mpaka saa ya chakula, na chakula nacho nikamkaribisha, nacho akakubali.

2. Neno jipya nalo nililitangaza mimi, kwa gharama ya ukoo.

Bi Araba alipoyaona yale maandishi ya dhahabu alikwenda kuchukua kisu cha jikoni akayakwangua mwenyewe, na picha yangu ikapoteza kidevu. Akanilazimisha nibadilishe. Nikachagua jina la mjomba wangu, Kwamena Eduful, na mwaka aliozaliwa. Nilijipongeza. Mzee yule alikuwa mkimya, hatoki kwake, nani atamjua?

Wiki chache baadaye mjomba akafariki, Mungu amlaze pema. Na wewe unajua mabango yetu ya msiba. Picha yake, jina lake, mwaka aliozaliwa, wapwa wake na vyeo vyao, watoto walioko Hamburg, wakwe, wajukuu, na namba zetu za simu kwa watakaotaka kutoa pole. Tulibandika kila ukuta na kila nguzo mpaka njia panda ya kwenda Cape Coast. Bi Araba alikuja ofisini siku hiyo kashika kichwa. "Egya, umebandika neno lako la siri mpaka kwenye choo cha stendi!" Nikamtuliza, nikamwambia mbele ya jina nimeongeza neno "Marehemu" ili kuwachanganya wezi. Akaniuliza bango lenyewe linaanza na neno gani.

Akataka nibadilishe pale pale. Nana, hapo nilikasirika kweli. Nilimwambia, "We binti huna haya? Mtu hajazikwa, mimi mpwa wake nimbadilishe?" Ofisi nzima ilikuwa upande wangu. Mhasibu alinipa leso.

3. Komeo la pili alilifungua mwenye ufunguo, yaani mimi.

Aliposhindwa kunibadilisha mjomba, Bi Araba akaniwekea kizuizi kingine. Kila mtu akitaka kuingia kwa jina langu, namba zinakuja kwenye simu yangu, na bila namba hizo haingii. Akanishika mkono kabisa. "Egya, nakuomba kama mzazi wangu. Hizi namba hazisomwi kwa mtu yeyote kwenye simu. Akijiita mkurugenzi, hapana. Akijiita malaika, hapana. Kata, kisha umpigie wewe kwa namba unayoijua."

Ijumaa, siku ya kukesha, simu ikalia. Nana, kama kuna mtu aliyewahi kunisalimia vizuri duniani, ni yule. Aliniita kwa jina langu lote na cheo changu. Akanipa pole ya mjomba. Akaulizia watoto wa marehemu mmoja mmoja kwa majina, hata wale wa Hamburg. Sasa naambiwa yote hayo yalikuwa kwenye bango, lakini siku ile nilijua tu kwamba naongea na mtu aliyelelewa. Akasema anatoka makao makuu ya mtandao, na kwa heshima ya marehemu wanataka kuhakikisha matangazo ya mazishi hayakatiki kesho. Zitakuja namba fulani, je, naweza kumsomea?

Linganisha na Bi Araba. Barua zake zinakuja hivi: "USIFUNGUE." Nyingine: "USIBONYEZE." Hakuna habari za asubuhi, hakuna umeamkaje, hakuna wazee hawajambo. Nikamsomea yule bwana namba. Akasema mstari ni mbaya, anatuma nyingine. Nikamsomea na hizo, taratibu, moja moja, kisha nikambariki. Akaahidi kuhudhuria. Nilimwekea kiti, Nana, kwenye turubai la familia, nyuma yako kidogo. Ndicho kile ulichouliza mbona hakikaliwi.

4. Ukuta niliubomoa kwa mkono wangu huu wa kulia.

Bi Araba alikuwa ameugawa mtandao mara mbili. Upande mmoja wageni na sisi tunaotazama mpira, upande wa pili pampu peke yake, katikati ukuta, ili mwizi akiingia sebuleni asifike jikoni. Sasa ndugu wa Hamburg walitaka kutazama mazishi moja kwa moja, na uwanja wa mazishi uko nyuma ya ofisi yetu. Intaneti ya wageni ilikuwa inakwamakwama, inamwonyesha mchungaji kafumbua mdomo haufungi. Ile ya pampu ilikuwa na nguvu, na nani anaitumia? Pampu! Pampu hazina ndugu.

Nilimwomba, akakataa. Nikamwambia, "Mtoto mdogo wewe unamzuia marehemu asionekane na wanawe?" Akasema, "Marehemu hana haraka, Egya. Pampu zinayo." Nikasubiri atoke kwenda kula, nikachomoa waya kwenye kisanduku cha wageni, nikauchomeka kwenye kisanduku cha pampu. Picha ikawa safi mno. Hata machozi yangu yalionekana Hamburg.

5. Kile kisanduku kidogo kwenye kona ya kompyuta kinachosema mfumo una mapengo yanayohitaji kuzibwa, nibonyeze "sasa" au "baadaye", nimebonyeza "baadaye" tangu mvua za mwaka jana. Hili ni fupi lakini naomba lihesabiwe.

Nana, yaliyofuata Jumamosi unayajua, ulikuwepo. Tumevaa nyekundu na nyeusi, mimi mfiwa mkuu nimekaa mbele, waimbaji wako ubeti wa pili, mara bomba za jikoni zikakohoa zikanyamaza. Akina mama wa supu wakaanza kupiga kelele. Kompyuta zote zimeandika ujumbe mmoja kwamba kila kitu kimefungwa mpaka tulipe. Mji mzima mkavu. Wageni wa heshima walionekana wakipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, na nguo zao za msiba. Nawe Nana, mpambe wako alikunawisha mikono kwa soda, jambo ambalo nikilikumbuka naomba ardhi ipasuke.

Bi Araba alivua viatu vyake vya mazishi akakimbia pekupeku. Nilimfuata nikihema. Nilimkuta anachomoa nyaya, hii, na hii, na hii, anawapigia watu wa pampu waziendeshe kwa mkono, huku jasho linamtiririka mpaka kwenye lile gauni jeusi. Nikamwuliza tumepoteza kila kitu? Aliinama chini ya meza yake akavuta debe la unga wa muhogo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kidubwasha kidogo kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa na nakala ya kila kitu chetu, huitengeneza kila siku kabla ya kwenda nyumbani na kuichomoa, haigusani na mtandao wowote. Kabla jua halijazama, maji yalikuwa yamerudi na kompyuta zinaanza kuamka.

Ndipo nafika kwenye lalamiko zito kuliko yote.

6. Bi Araba anajilimbikizia.

Nilimwuliza mbona hiyo nakala aliificha hata mimi naibu mkurugenzi nisijue ilipo. Alinitazama, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. "Nilikuficha wewe hasa, Egya. Mwizi angehangaika kuitafuta. Wewe ungemwambia karibu." Sasa nauliza Bodi. Kazi ya kuokoa mji ameichukua yeye peke yake, hakumwachia mtu hata kipande. Hiyo nimemwachia, ni ujuzi wake. Lakini aokoe yeye, na lawama pia achukue yeye? Wengine tubaki na nini? Ofisi yenye wazee kama sisi, kijana mmoja hawezi kushika ncha zote mbili.

Na anaing'ang'ania kwa makusudi, Nana. Jana kamati ilipomwita na kumwuliza nani aliyeugusa ule waya, nilikuwa nimekaa pale pale, kiti cha pili. Alijibu, "Mtandao ni wangu kuulinda." Basi. Hakuninyooshea kidole, hakunitazama hata. Na mimi mwenye mdomo huu mrefu, ninayefungua mikutano kwa sala, nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nioe. Baadaye nilimkuta mezani kwake anafunga kikombe chake kwenye gazeti. Aliniambia, "Egya, lile neno kabadilishe," akabeba debe lake la unga akaondoka kwa miguu.

Ndiyo maana naandika kwa kalamu. Kwa heshima na taadhima naomba yafuatayo:

(a) Lawama yote ya Jumamosi nirudishiwe mimi, kwa maandishi na kwa muhuri, na tangazo jipya libandikwe kwenye mlango ule ule, herufi zisiwe ndogo kuliko zile za mwanzo.

(b) Bi Araba Quansah arudishwe kazini kabla ya Alhamisi, na apewe kiti chenye mikono. Changu kipo, nitakaa kwenye benchi.

(c) Akisema hapana, iwe hapana, hata kama anayeombewa kufunguliwa ni mwenyekiti, au naibu mkurugenzi, au maiti.

(d) Hata hivyo, ulinzi wake uishie kwa wengine. Mimi binafsi sihitaji tena mlinzi. Nimejifunza. Kila asubuhi kabla ya chai nayarudia mafundisho yake kwa sauti mpaka mke wangu ananijibu kutoka jikoni: neno refu, na kila mlango na lake, namba za simu hazisomwi, mapengo yazibwe leo, nakala ikae mbali, asiyetarajiwa akikuletea kitu mtandaoni, mpe jibu la mtu aliyelelewa, sema ahsante, mkono wangu umo, upite zako. Nimeiva, Nana. Hakuna mwizi aliyezaliwa atakayenipata tena. Kwa hiyo naomba kompyuta yangu, ambayo Bi Araba aliifunga kabla hajaondoka, ifunguliwe, na jina langu liondolewe kwenye ile orodha yake ya hatari, ambako limeandikwa nafasi moja juu ya radi.

Nisalimie nyumbani kwako wote, mama wa ukoo, mpambe wako pamoja na soda yake, na wajukuu. Wasalimie wajumbe wa Bodi, kila mmoja kwa kiasi cha maji aliyokosa. Familia ya marehemu inashukuru kwa kuja kwenu.

Ni mimi, mkosaji niliyerukwa foleni,

Ebenezer Fiifi Botwe,
Naibu Mkurugenzi (Utawala).

Nakala: Bi Araba Quansah, kwa karatasi, kwa kuwa amekataa kufungua chochote kinachotoka kwangu.

TANBIHI: Nana, usijisumbue tena kunijibu, jibu lako nimelipata. Wakati naikunja barua hii, mhasibu alinionea huruma kwa kufungiwa, akanikaribisha kwenye kompyuta yake na neno lake la siri. Mama yule kalelewa vizuri. Nikafungua barua pepe yangu, nikakuta umeniandikia! "Mheshimiwa Ebenezer, salaam nyingi. Kuhusu lile suala lako, tumelikubali lote. Karibu uthibitishe hapa." Lote, Nana! Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikabonyeza, nikathibitisha kwa neno langu, na palipoulizwa neno la mwenzangu wa ofisi nikathibitisha na la mhasibu, nisionekane mchoyo.

Kisha nikamwita dereva wetu, Ato Nkum, nikamwambia asiipeleke tena barua, mwenyekiti keshajibu. Ato akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Bosi, amejibu barua ipi? Si hii hapa, hata gundi haijakauka."

Nana, skrini ya mhasibu sasa ina ujumbe ule ule wa Jumamosi.

Nimempigia Bi Araba, kwa namba ninayoijua. Nilitegemea atakata simu, na haki angekuwa nayo. Akaniuliza tu, "Umegusa nini kingine?" Akasema nichomoe waya wa bluu. Nikachomoa nyaya zote, mmoja ukawa wa friji. Akasema, "Basi, Egya, nakuja. Kaa chini, weka mikono yako chini ya mapaja, uikalie, usiitoe mpaka unione mlangoni."

Naomba ombi (d) lifutwe. Kuanzia pale mkunjo wa karatasi ulipo, mwandiko unaouona ni wa Ato.